Ongeza Maelezo

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asidhani anasimuliwa habari za mwalimu mpole. Shule yetu iko Kitengela, upande wa malori ya kokoto, na nimefundisha Gredi ya Tano kwa miaka mingi, pamoja na kazi moja niliyopewa bila kuiomba: mwalimu wa ushauri nasaha. Nilipewa kwa sababu nilihudhuria semina ya siku tatu Kajiado, na nilihudhuria semina hiyo kwa sababu mwenzangu aliyepaswa kwenda alikuwa na harusi. Nilirudi na cheti na mkoba wa kitambaa. Mkoba ninao mpaka leo, nabebea sukuma wiki.

Kuna jambo nililokuwa nikijivunia. Nikisahihisha insha, siangalii jina. Wanafunzi wangu hukusanya madaftari yakiwa yamefunguliwa kwenye ukurasa wa insha, moja juu ya jingine, na jina hubaki chini kwenye jalada. Nilikuwa nawaambia walimu wageni kwamba hiyo ndiyo haki: mtoto wa diwani na mtoto wa mchunga mbuzi wote wanapata wino uleule. Nilisema hivyo mara nyingi, na kwa sauti.

Muhula wa pili ulipoanza, niliandika ubaoni kichwa cha insha ambacho kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kukiandika: Siku Nisiyoweza Kuisahau. Sikufikiria chochote. Ni kichwa cha kila mwaka. Watoto huandika siku waliyopelekwa kuona ndege Embakasi, au siku waliyofukuzwa na mbwa, na wote huanza na jogoo aliyewika, hata wale wanaoishi ghorofa ya nne ambako jogoo hajawahi kupanda.

Nilisahihisha siku iliyofuata, ofisini. Chai ilikuwa imepoa na mwalimu wa hisabati alikuwa ananisimulia habari za ploti yake iliyouzwa kwa watu wawili. Karibu na mwisho wa rundo nilikuta daftari lenye sentensi tatu tu.

Niliamka. Mama aliniambia nishike mtoto nitoke nje. Nikamshika nikatoka.

Basi. Hakuna jogoo, hakuna mwisho. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: Kazi fupi mno. Ongeza maelezo. Saba kwa arobaini. Nikaweka daftari kando, nikamwambia mwalimu wa hisabati atafute wakili.

Daftari lile lilikuwa la msichana wa miaka kumi ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa moto miezi mitatu kabla. Mtungi wa gesi ulilipuka saa kumi na mbili asubuhi, chai ya kwenda shule ikiwa jikoni. Msichana alitoka na mdogo wake wa miaka minne. Mama hakutoka. Na mimi nilijua hayo yote. Nilikuwa kwenye matanga, nilimenya viazi, nilimkumbatia mtoto yule nikamwambia shule nzima iko pamoja naye. Halafu nikampa saba kwa arobaini.

Alipopata daftari lake alisoma, akalifunga, na tangu saa hiyo hakufungua mdomo tena.

Sikugundua haraka, na hilo nalo linanichoma. Siku ya tatu nilimwambia asimame asome aya. Akasimama, akanitazama, akabaki hivyo. Nilidhani ananifanyia kiburi. Nikamwambia aketi, na kusema kweli nilikasirika.

Aliyenifungua macho ni koko. Hilo ndilo jina ambalo Wamasai humwita nyanya, na ndivyo watoto wale wawili walivyomwita, ingawa wao ni Wakamba na hakuna undugu wowote. Alikuwa jirani tu. Ardhi yote yenye maghorofa ya mtaa wao ilikuwa ya mume wake zamani, kabla wana wake hawajaiuza kipande kwa kipande, na sasa amebaki na boma dogo katikati ya nyumba za kupangisha, ng'ombe sita, mbuzi, na wateja wa maziwa. Mama wa watoto alikuwa mteja wake wa kila asubuhi. Baada ya moto, baba yao, ambaye ni dereva wa lori kati ya Nairobi na Namanga, aliwaacha kwake kwa wiki moja. Wiki ikazaa miezi.

Basi koko akaja shuleni saa ya mapumziko, shuka begani, akaingia ofisi ya walimu bila kubisha, akaweka daftari mbele yangu.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimasai.

"Iko," nikajibu. Miaka yote hii Kitengela, hilo angalau nimejifunza.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nisomee hii."

Nikaanza kusoma kwa sauti. Nilipofika sentensi ya pili ndipo nikajua ninasoma nini. Nilimaliza ya tatu sijui vipi.

"Na hii nyekundu inasema nini?"

"Ni alama tu, koko."

"Alama ni ile ya ng'ombe. Hii ni maneno. Soma."

Nikasoma. Ofisi ilikuwa na walimu sita, wote wakisikia. Koko alitoa kikopo chake cha ugoro, akakishika, akakirudisha bila kukifungua.

"Tangu hii nyekundu, huyu mtoto hajaongea," akasema. "Mimi sijamsikia. Baba yake akipiga simu, anashikilia simu tu hapa kwa sikio. Anaosha sufuria, anafungia mbuzi, anafunga mdomo."

Nililia. Si kilio cha heshima, kilikuwa kile cha makamasi, mbele ya watu ambao huwa nawakaripia kwa kuchelewa kuingia darasani. Niliona aibu hadi nikatamani kutoka kwenye mlango ule nisirudi tena. Koko alinisubiri nimalize, kama anayesubiri lori lipite avuke barabara.

"Umemaliza? Sasa ita wale wengine."

"Wengine gani?"

"Wale wote walimuuliza."

Tulikutana Alhamisi saa kumi jioni, jikoni mwa shule, kwa sababu ofisini kuna masikio na jikoni kuna chai. Nilimpigia nesi wa zahanati, mwanamke anayeongea haraka hadi unahisi umekimbia. Yeye akampigia afisa wa watoto, mwanamume mrefu aliyetoka Kajiado mjini na faili kwapani. Mpishi wetu alikuwepo kwa sababu jiko ni lake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtoa. Koko alikaa kwenye gunia la maharagwe.

Nilidhani nitakuwa mkosaji peke yangu. Nesi ndiye aliyeanza. "Mimi nilimuuliza nikimfunga mkono ulioungua. Fomu iko na mahali pa kuandika vile ameumia, na huwezi kuiacha tupu."

"Mimi ilibidi," afisa akasema. "Faili haifunguliwi bila maelezo ya mtoto mwenyewe."

Tukaanza kuhesabu. Polisi. Chifu. Wakala wa mwenye nyumba, aliyekuja kujua kama nyumba itapangishwa tena. Mchungaji. Shangazi wa Entarara. Nesi, afisa. Saba. Wote walikuwa wamemketisha na kumuuliza ilikuwaje, na wengine wakaongeza lile swali ambalo sisi watu wazima tuliliona dogo: nani aliwasha gesi? Kila mmoja alimpa pole, akampa soda au peremende, akamtoa yote upya. Mimi nilikuwa wa nane, na ni mimi peke yangu niliyempa alama.

"Alitusimulia mara saba akachoka," nesi akasema. "Halafu wa nane akamwambia haitoshi."

"Asante kwa kunikumbusha," nikamwambia, na si kwa upole.

Koko akatuambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. "Kwetu mtoto akikuja, anainamisha kichwa. Unamshika hapa, juu. Imeisha. Habari inatolewa na wakubwa. Nyinyi mnasalimia mtoto kwa kumtafuta habari. Mtoto ni redio?"

Mpishi akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

Kutoka jikoni siku hiyo tulikuwa na sheria moja: hakuna wa kumuuliza chochote. Akija kwako, anainamisha kichwa, unamgusa, unaendelea na kazi yako. Nesi alisema atajisikia mjinga, yeye Mkikuyu wa Thika, kugusa vichwa vya watu zahanati. Lakini alifanya. Sote tulifanya, na kwa siku za kwanza tulionekana kama waigizaji wa tamasha la shule waliosahau maneno.

La pili lilikuwa daftari. Hilo lilikuwa wazo la nesi: kama mama mjamzito ana kitabu kimoja cha kliniki anachokwenda nacho kila mahali, kwa nini mtoto huyu awe na faili tano zisizojuana? Daftari moja. Kila anayemhudumia anasoma kwanza, kisha anaandika alichoona. Atakayetaka kujua habari za moto atazikuta ukurasa wa kwanza, asimuulize mtoto.

Afisa akakataa. Faili ni siri, akasema, sheria ni sheria, na karatasi za ofisi haziwezi kutembea Kitengela kama gazeti. Hapo nikapandwa na hasira. Nilimpigia kelele mbele ya masufuria: siri gani, na mtoto ameshasimulia watu nusu ya mji! Aliniacha nimalize, akavua miwani akaipangusa.

"Madam," akasema, "mimi siko kwa darasa yako."

Lakini Alhamisi iliyofuata alikuja na daftari mwenyewe. Alikuwa amelijalidi kwa karatasi ya kaki ili lifanane na la mwanafunzi yeyote. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika habari za moto kama alivyozichukua mara ya kwanza, kwa ufupi, akapiga muhuri wa ofisi, na chini yake akaandika kwamba yeyote anayehitaji maelezo ya ziada amtafute yeye, si mtoto. Aliliandika kwa mkono safi sana. Niliona aibu kidogo kwa kelele zangu, lakini sikuomba radhi, nilimwongezea chai.

Lililobaki lilikuwa usafiri. Nesi yuko zahanati, mimi shuleni, afisa Kajiado, baba barabarani. Tulibishana kuhusu simu, makundi ya ujumbe, picha za kurasa, hadi koko akachoka kutusikiliza. Maziwa yake hutoka saa kumi na mbili asubuhi kwa pikipiki. Yanapita shuleni kwa walimu, yanapita zahanati, yanaishia stejini ambako magari ya Kajiado hupakia na malori ya Namanga husimama kwa chapati. "Njia ya maziwa ni hiyo hiyo yenu," akasema. "Wekeni kwa kikapu."

Basi daftari likawa linatembea na maziwa. Jioni lilirudi kwa koko, likakaa kwenye rafu karibu na televisheni, na asubuhi likatoka tena. Lilinuka maziwa na moshi wa kufukizia vibuyu, na nadhani kabati la ofisi ile ya Kajiado linanuka hivyo hadi leo.

Siku moja ya Juni askari aliyekuwa anamalizia uchunguzi alifika kwa koko akitaka kumuuliza mtoto mambo mawili tu. Koko alisimama kwenye lango na daftari mkononi. "Soma kwanza," akamwambia. Askari akasoma akiwa ameketi juu ya pikipiki, akapiga simu kwa afisa, akaandika alichotaka, akaondoka bila kuingia. Koko alitusimulia hilo Alhamisi tatu mfululizo, na kila mara askari aliongezeka kimo.

Sitasema uongo kwamba mtoto alipona. Alianza kula vizuri kidogo. Aliacha kuruka mtu akiwasha kiberiti. Siku moja alifika zahanati kubadilisha bandeji, na kabla nesi hajageuka alikuwa ameshainamisha kichwa mwenyewe, anasubiri. Nesi aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Lakini kuongea, hapana. Mei ikaisha, Juni ikaisha.

Halafu mwezi wa saba baba akaja kwenye Alhamisi yetu. Alikuwa mtu mkimya, kofia mkononi, macho mekundu ya barabara. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Shule ikifungwa nitampeleka Makueni kwa mama yangu. Mdogo ataenda Entarara kwa shangazi yake. Nimeambiwa mtoto kama huyu akibadilisha mahali, ulimi unafunguka."

"Umeambiwa na nani?" nikauliza.

"Na watu."

"Kwa nini usiwapeleke pamoja?" nesi akauliza.

"Mama yangu ni mgonjwa, hawezi mtoto mdogo. Shangazi yuko na wake watano. Nani atachukua wawili?"

"Mimi niko nao hapa," koko akasema kutoka kwenye gunia lake.

Baba akamtazama kwa heshima kabisa. "Koko, umetusaidia kuliko ndugu. Lakini wewe ni mzee, na si damu yetu. Watu wanaongea. Wanasema nimetupa watoto kwa Wamasai." Akainamisha kichwa. "Na mimi nikija hapa, ananiangalia tu. Haniambii hata jambo. Angeongea hata kidogo, ningejua anataka nini."

Afisa alisema baba ana haki ya kuamua. Nilimwangalia afisa vile ninavyowaangalia wanaonakili mtihani, lakini alikuwa anasema kweli. Akaandika kwenye daftari: Baba amependekeza watoto watenganishwe kwa muda shule ikifungwa. Tulikuwa na wiki tatu.

Wiki tatu hizo niliishi vibaya. Darasani nilikuwa namtazama mdomo. Siku moja nilimbakisha wengine walipotoka, nikapiga magoti mbele ya dawati lake, mimi na magoti yangu haya, nikamwambia, "Mama, sema tu neno moja. Hata jina lako. Sema tu, nimpelekee baba." Hakunitazama usoni. Aliitazama kalamu nyekundu kwenye mfuko wa gauni langu. Nikainuka, nikamgusa kichwa, nikamwacha aende. Sheria yenyewe niliitunga na wenzangu, na nikawa wa kwanza kuivunja. Sikuiandika kwenye daftari.

Jumatatu ya wiki ya kufunga shule, kalamu ile ilipotea mezani kwangu. Niliwaka. Niliamuru darasa zima limwage mikoba, nikahubiri kuhusu wizi mpaka kengele ikalia. Haikupatikana.

Alhamisi tukakutana kwa mara ya mwisho. Baba alikuwa ameegesha lori nje, na mifuko miwili ya nguo za watoto ilikuwa ndani ya kebini, mmoja wa Makueni, mwingine wa Entarara. Watoto wenyewe walikuja na koko. Mdogo alikuwa anakula kipande cha chapati, dada yake amemshika mkono, wakakaa kwenye benchi karibu na mlango. Kwa kawaida hawakuwepo kwenye mikutano yetu. Nilimuuliza koko kwa nini amekuja nao, akasema mbuzi hawawezi kuwalinda.

Afisa akafungua daftari, ambalo asubuhi hiyo koko hakulitoa na maziwa, ili aandike uamuzi. Akageuza ukurasa mmoja, wa pili. Akavaa miwani vizuri. Akarudi mwanzo.

"Nani ameandika hapa?"

Tukainama sote. Kurasa zilikuwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu, kuanzia Mei. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumeandika habari za mtoto anayejua kusoma, tukaziweka kila jioni kwenye rafu ya nyumba anayolala, na hakuna hata mmoja wetu, mwalimu, nesi wala afisa, aliyewaza kwamba atalifungua. Nilimgeukia koko.

"Mimi sijui kusoma," koko akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akivuta ugoro kwa raha.

Afisa akasoma kwa sauti. Nadhani hakujua afanye nini kingine.

Nesi alikuwa ameandika: Mtoto amekataa chakula cha mchana shuleni. Pembeni kwa nyekundu: Kiko na mawe. Mpishi akaweka mwiko chini. "Mawe! Mawe gani?" Afisa akageuza ukurasa.

Mahali nesi alipopigia mstari siku ile ya kichwa kilichoinamishwa, palikuwa na alama ya vema.

Mimi nilikuwa nimeandika: Mtoto haongei na mtu yeyote. Hapo palikuwa na alama kubwa ya kosa, na maneno: Si kweli. Naongea na mdogo wangu tukilala.

Baba alisimama. Akaketi tena.

Afisa akageuza hadi mwezi wa saba. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Baba amependekeza watoto watenganishwe kwa muda shule ikifungwa. Mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya sentensi nzima, mara mbili, karatasi ikachanika kidogo. Chini yake: Hapana. Mama aliniambia nishike mtoto.

Ile ilikuwa sentensi yake. Ilikuwepo kwenye insha tangu mwanzo, mbele ya macho yangu, na mimi nikasema ni fupi.

Baba alifunika uso kwa kofia. Alilia humo ndani, mabega yakitikisika, na mpishi akamwekea mkono mgongoni kana kwamba wamefahamiana maisha yote. Mtoto mdogo aliacha kutafuna chapati. Dada yake alikuwa anatazama sakafu, lakini mkono wake haukuachia.

"Kuna moja imebaki," afisa akasema. "Ukurasa wa kwanza. Ile yangu."

Akasoma alichokuwa ameandika kwa mkono wake safi, na muhuri: Mama wa watoto alifariki katika moto uliosababishwa na mtungi wa gesi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Halafu akanipa daftari mimi, kwa sababu hakutaka kusoma maneno yale mekundu mwenyewe.

Kazi fupi mno. Ongeza maelezo. Saba kwa arobaini.

Mwandiko ulikuwa wake, lakini mkunjo wa herufi ulikuwa wangu. Alikuwa ameuiga vizuri sana. Kurasa zote zile, miezi yote ile: kilo zake, usingizi wake, bandeji yake, moto, moto, moto. Tulikuwa hatujaandika hata mstari mmoja kuhusu mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

Hakuna aliyemwangalia mtoto. Tulikuwa tumejifunza hilo, angalau. Baba ndiye aliyeanza, akiongea na kikombe chake.

"Alikuwa mtu wa kucheka," akasema. "Mkisikia kelele kwa ploti, ni yeye. Alishona nguo kiwandani wiki nzima, na Jumapili anasema hataki kuona sindano." Akapangusa pua. "Alijua kupika. Jumapili tukitoka kanisani, lazima apike maharagwe na nazi. Alikuwa anapenda hiyo maharagwe."

"Ndengu."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye mikwaruzo. Nilidhani ni mdogo. Koko alinibana mkono, kucha zikaingia.

"Si maharagwe, baba," msichana akasema kutoka kwenye benchi. "Alikuwa anapenda ndengu. Maharagwe ni wewe ulikuwa unapenda."

Baba aliweka kikombe chini. Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Kisha akatoka, tukamsikia akifungua mlango wa lori, na akarudi na mifuko yote miwili. Akaiweka pamoja miguuni pa koko.

Mimi nilivuta daftari karibu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa msichana, ameinyoosha kwangu, kifuniko kimeshatoka. Nikaichukua nikaandika ndengu, nikamngoja aendelee.